Kadi ya sukari imejaa, mlango wa kizazi haukuulizwa: tunachunguzaje saratani ndani ya kliniki ya magonjwa sugu?

DaktariWaFoleni (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Nalimwaga hapa kwa kuwa wengi humu kazi yetu ni moja: mlango wa kwanza wa mgonjwa, foleni haikatiki, na ukipata dakika nane za mtu mmoja unashukuru.

Mama wa miaka 52, ana sukari na presha. Nimemhudumia mwenyewe miaka minne. Kadi yake ukiifungua ni ya kuonyesha wanafunzi: presha imeandikwa kila hudhurio, HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu) ipo, miguu imekaguliwa, macho alipelekwa, kreatinini, kile kipimo cha figo, haijaruka hata mwaka mmoja. Mwezi uliopita akaja, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kunichelewesha, kwamba damu ya mwezi ilikoma miaka mitatu iliyopita na sasa imerudi. Nikamchunguza. Mlango wa kizazi ulikuwa na uvimbe unaotoa damu ukiugusa tu. Biopsi (kipande kilichokatwa kupelekwa maabara) imerudi: saratani, na imeshavuka nje ya mlango wa kizazi.

Nikakaa na kadi yake nikahesabu. Mahudhurio 41. Hakuna hata moja ambalo mimi au mwenzangu aliuliza kama amewahi kupimwa mlango wa kizazi. Si kwamba alikataa. Hakuulizwa.

Na huu si ugonjwa wa kuvamia usiku mmoja. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi cha HPV kilichong'ang'ania mwilini, na kwa mwenye kinga imara safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU asiye kwenye dawa, inaweza kuwa 5 hadi 10. Mwongozo wa WHO wa 2021 nilikuwa naujua: kipimo cha DNA ya HPV kuanzia miaka 30, kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10, mwenye VVU aanze 25, arudie kila miaka 3 hadi 5. Nilikuwa naujua kiasi cha kuufundisha. Lakini kichwani mwangu ulikaa kwenye kabati la "uchunguzi", na mama huyu nilimweka kwenye kabati la "sukari".

Naomba michango ya wanaofanya kazi hii. Ndani ya hudhurio la sukari na presha mnaingiza vipi uchunguzi wa saratani, na ni upi mmeamua kuuacha? Maana kuongeza kila kitu haiwezekani, hilo nalijua kabla hamjaniambia.

Bi_Rejista

Dokta pole sana. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 19 kliniki ya magonjwa sugu, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tatizo si kumbukumbu yako. Kadi ya sukari ina kisanduku cha mguu, ndiyo maana mguu ulikaguliwa. Haina kisanduku cha mlango wa kizazi. Kalamu inafuata kisanduku. Kwetu tulibandika karatasi ndogo nyuma ya kila kadi ya mwanamke wa miaka 30 na kuendelea: kapimwa lini, kwa kipimo gani, jibu, kalipata lini. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, nitairudia baadaye nikipata nafasi, sasa hivi niko zamu.

Jambo moja dogo: msiulize haya mkiwa mmemfunga mkanda wa presha. Maongezi yanaipandisha. Uliza ukishautoa.

Saa26

Mtoa mada, usijichape sana. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipiga hesabu: daktari mmoja wa ngazi ya kwanza mwenye wagonjwa 2,500, akifuata miongozo yote ya kinga, ya magonjwa sugu na ya dharura ndogondogo, na kuandika kila anachotakiwa kuandika, atahitaji saa 26.7 kwa siku. Siku yenyewe ina saa 24, hajalala wala hajajisaidia. Kwenye hizo saa, kinga peke yake ilikula zaidi ya 14. Wakarudia hesabu kwa kugawa kazi kwa timu, zikashuka hadi kama 9.3.

Kwa hiyo ukisema "niongeze bidii" unajidanganya. Kazi ya kuuliza na kuandika si lazima iwe yako.

KokotoaKwanza

Kabla hatujaanza kubandika karatasi za kila saratani nyuma ya kadi, tupige hesabu ya darasa la saba.

Watu 1,000 wasio na dalili yoyote. Tuseme 10 wana saratani kweli. Kipimo chako ni kizuri tu: kinanasa wagonjwa 9 kati ya 10, na kinawaruhusu wazima 9 kati ya 10 waende zao. Kitanasa wagonjwa 9. Lakini wazima ni 990, na kitawatia hatiani 99 kati yao. Una majibu mabaya 108 mezani na wenye saratani ni 9. Hao 99 waliobaki utawapeleka wapi? Wengine watachomwa sindano, wengine watapasuliwa, wote hawatalala.

Ndiyo maana Wilson na Jungner walipoandikia WHO vile vigezo vyao mwaka 1968, hawakuuliza tu "je, kipimo kipo?" Waliuliza kama ugonjwa una kipindi cha awali kinachotambulika, kama tiba ipo na inakubalika, kama kuna mahali pa kumpeleka atakayekutwa nao. Saratani ya mlango wa kizazi inapita vigezo hivyo kifua mbele. Nyingi haziwezi.

Mnaotaka mfano wa kilichotokea watu walipopuuza hayo, ni tezi ya shingo Korea Kusini. Altrasaundi ya shingo ikawa kitu cha kuongezewa kwenye vipimo vya jumla. Kati ya 1993 na 2011 waliogunduliwa wakaongezeka mara 15. Waliokufa? Idadi ilibaki palepale. Maelfu wakatolewa tezi, wakawa watu wa kumeza vidonge vya homoni kila siku maisha yao yote, kwa uvimbe ambao usingewasumbua. Yaani uchunguzi ukazalisha wagonjwa sugu wapya.

Tiki_Moja

Mkuu KokotoaKwanza umetisha watu bure. Mimi kila mwanaume wa miaka 40 na zaidi anayekuja kwa presha naongeza PSA, kipimo cha saratani ya tezi dume, kwenye fomu ya damu. Damu inatolewa tayari, ni tiki moja tu. Kuna ubaya gani kujua?

KokotoaKwanza

> ni tiki moja tu

Tiki yako hii hapa. Takwimu zilizotumiwa na jopo la kinga la Marekani mwaka 2018, wanaume 1,000 wa miaka 55 hadi 69 wakipimwa PSA kwa kipindi cha miaka 13: kama 240 watapata angalau jibu moja baya. Kama 100 wataambiwa wana saratani, na 80 hivi kati yao wataishia kutibiwa, kwa kisu au mionzi. Kama 50 watapoteza nguvu za kiume na 15 watashindwa kuzuia mkojo. Watakaookolewa wasife kwa saratani hiyo: 1.3.

Sisemi 1.3 ni sifuri. Sisemi usipime kamwe. Mwenye baba au kaka aliyeugua, na wanaume wenye asili ya Afrika, hatari yao iko juu na mazungumzo nao yaanze mapema. Nasema hayo ni mazungumzo, na mwenye kuamua ni mwenye tezi. Wewe unamwamulia kwenye fomu, tena ya miaka 40, halafu jibu likija 6 ndiyo unaanza kumweleza. Na baada ya 70 jopo lilelile linasema usipime.

Tiki_Moja

Nimekuelewa kiasi. Sikuwa nimeona hiyo ya 50 na 15. Ila nikiwa mkweli, wagonjwa wenyewe ndio wanaipenda, wanasema "nipime vyote".

MzeeWaKisu

Nimestaafu upasuaji, nasoma tu. Naona mnazungumzia asiye na dalili. Mimi nawaomba mmkumbuke mwenye dalili aliyefichwa na ugonjwa wake sugu, maana hao ndio walionifikia meza ya upasuaji wakiwa wamechelewa.

Mfano ambao nimeuona mara nyingi mno: mzee wa miaka 63, sukari ya siku nyingi, damu imeshuka. Kwenye faili imeandikwa "ni metformini" (dawa yake ya sukari) au "ni figo". Akapewa vidonge vya madini ya chuma, damu ikapanda kidogo, kila mtu akaridhika. Sikilizeni: metformini humpunguzia mtu vitamini B12, na upungufu huo huleta chembe nyekundu kubwa, si ndogo. Figo hupunguza damu, kweli, lakini kreatinini ya mtu huyu ilikuwa ya kijana. Mwanaume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa madini ya chuma, anavuja damu mahali, na mahali pa kutafuta kwanza ni tumboni. Nilimkuta na uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana, ule unaovuja kimyakimya bila kuziba choo.

Mwingine. Mtu wa miaka 60 na kitu, sukari imempata juzi, hana kitambi, na badala ya kunenepa anakonda. Ninyi mnafurahi amepunguza uzito. Kongosho hiyo! Wengi wanaopata sukari ukubwani hawana saratani ya kongosho, ni kama mmoja katika mia kwa waliovuka 50. Lakini sukari mpya pamoja na kukonda bila kujitahidi, huyo haandikiwi vidonge na kuambiwa rudi baada ya miezi mitatu. Apigwe picha ya CT upesi.

Mtu mwenye dalili hapelekwi kwenye kipimo cha uchunguzi wa umma. Huyo anatafutiwa ugonjwa. Hata mama wa mtoa mada, siku aliyosema damu imerudi, kipimo cha siki (kupaka siki mlango wa kizazi kutafuta vidonda vya awali) au HPV hakikuwa tena na kazi, na namsifu hakupoteza muda nacho.

Bi_Rejista

Nimetoka zamu. Mzee shikamoo, hayo ya damu kushuka nimeyaprinti.

Sasa nirudi kwenye kile kisanduku cha "kalipata lini". Sisi tulijisifu sana mwaka wa kwanza. Wanawake walipimwa kwa wingi, karatasi zikajaa. Nikaja kukagua rejista ya waliokutwa na majibu mabaya, nikataka kulia. Kuna ambao majibu yalirudi yakapachikwa kwenye faili, faili likarudi kabatini, na mama akaja hudhurio lililofuata, akapimwa presha, akapewa dawa, akaondoka. Jibu lake lilikuwa karatasi mbili chini ya kidole cha daktari.

Kumpima mtu halafu usimpe jibu ni afadhali usingempima. Asiyepimwa anajua hajapimwa. Huyu anatembea akiamini yu mzima, na hata akiona damu atasema "si nilipimwa".

Tulichobadilisha ni hiki. Rejista ya majibu mabaya ilitolewa kwenye kompyuta ya ofisini ikawa daftari moja, la mtu mmoja, mwenye jina. Kila Ijumaa anapiga simu. Mstari haukatwi mpaka kuwe na tarehe ya matibabu, si tarehe ya rufaa. Rufaa ni karatasi tu. Na panapowezekana, tunapima na kutibu siku hiyohiyo: kidonda cha awali kinachofaa kinaondolewa kwa joto au kwa tiba mgando (kukigandisha kwa baridi), mama haambiwi arudi.

Kuhusu muda: kipimo cha HPV mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, wakati anasubiri dawa. Kikipimwa kwa njia ya DNA hakiachani sana na kile alichochukuliwa na mtaalamu. Hicho peke yake kilituondolea nusu ya visingizio, vya kwao na vya kwetu. Kipimo cha siki nacho kina mipaka: baada ya hedhi kukoma, eneo linalotakiwa kuonekana mara nyingi limeshaingia ndani. Ukimpaka siki mama wa miaka 58 ukasema "safi", hujaona kitu.

DaktariWaFoleni

Bi_Rejista, hilo la rufaa kuwa karatasi tu limenichoma. Nitakagua faili zangu wiki hii, narudi na majibu.

Na matiti je? Mamografia (eksirei ya matiti) si kila mahali ipo.

Saa26

Kwenye mamografia, jopo la Marekani mwaka 2024 lilisema kila miaka miwili, kuanzia 40 hadi 74. Pasipo na mashine, kuna utafiti wa Mumbai uliotoka 2021: wanawake zaidi ya 151,000, nusu wakikaguliwa matiti kwa mikono ya wahudumu waliofunzwa kila miaka miwili, wakafuatiliwa miaka 20. Kwa waliovuka 50, vifo vya saratani ya titi vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50 havikupungua.

Ila kuwafundisha wanawake kujipapasa kwa ratiba kila mwezi, hiyo ilijaribiwa Shanghai kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo zaidi ya 266,000. Vifo 135 kwa waliofundishwa, 131 kwa wasiofundishwa. Kilichoongezeka ni biopsi za uvimbe usio na madhara. Mwambie mgonjwa aje haraka akiona badiliko, inatosha. Usimpe mtihani wa kila mwezi.

Na utumbo mpana: kipimo cha choo cha damu iliyojificha, kile kinachotumia kingamwili, ni kizuri kuanzia miaka 45 au 50 kutegemea mwongozo unaoufuata. Kikitoka chanya, kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana). Usikirudie "kuhakikisha". Nimeona watu wanarudia, kinatoka hasi, wanapumua. Saratani haivuji kila siku. Kama kolonoskopi haipatikani kabisa, fikiria mara mbili kabla ya kuanza kupima; kigezo cha Wilson na Jungner hicho.

MtotoWaMgonjwa

Samahani madaktari, mimi si mtaalamu, nimepita tu. Mama yangu ana miaka 81, ana sukari, moyo umepanuka, anahema akitembea hatua chache. Kliniki wamemwandikia mamografia na kipimo cha choo, na pia wamemwongezea dawa ya sukari kwa sababu HbA1c ni 7.6. Anaogopa. Nifanyeje?

MzeeWaKisu

Mwanangu, pole na kumuuguza mama. Faili lake hatulioni, kwa hiyo chukua haya kama maswali ya kwenda nayo kwa daktari wake.

Faida ya kuchunguza saratani kwa asiye na dalili hukawia, kwa titi na utumbo mpana ni kama miaka 10. Usumbufu huja leo. Kwa mwenye moyo uliochoka, hata maandalizi ya kolonoskopi ni mzigo. Muulize daktari: "Mkimkuta na kitu kidogo, mtamfanya nini?" Jibu likiwa "hatutamfanyia upasuaji", basi kipimo cha nini?

Na hiyo 7.6, kwa umri na moyo wake, wengi tungeridhika nayo, hata 8. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD ulilazimika kusitisha kundi lililobanwa HbA1c ishuke chini ya 6 kwa sababu waliokufa walikuwa wengi zaidi. Kwa mama wa miaka 81 sukari kushuka ghafla usiku ni hatari iliyo karibu kuliko saratani. Mwulize kama kuna dawa ya kupunguza badala ya kuongeza.

Lakini akiwa na damu, uvimbe au anakonda, hayo yote niliyosema yafute, apelekwe.

MtotoWaMgonjwa

Asante sana mzee wangu. Nitaandika hayo maswali.

MdauWaPresha

Naona sukari na presha zimegeuka kiti cha kukalia mkizungumza saratani. Mgonjwa wa presha ya 168 aliyetoka na sampuli ya HPV lakini hakubadilishiwa dawa, mmemsaidia nini? Kiharusi hakisubiri miaka 15. Na aliyetibiwa saratani akapona anarudi kwetu na presha ileile, pengine mbaya zaidi: steroidi zimempandisha sukari, dawa za kushusha homoni za kiume zimemnenepesha, dawa za saratani za anthrasaiklini zimegusa moyo. Wodi ya saratani imeshamuaga. Nani anamwona?

Bi_Rejista

Umesema kweli, na kwetu sheria ni hiyo: presha kwanza, dawa ibadilishwe kwanza, karatasi ya nyuma baadaye. Presha ikiwa imevurugika siku hiyo hatugusi uchunguzi, tunaandika "hudhurio lijalo". Mgonjwa sugu ana neema moja ambayo wengine hawana: anarudi.

DaktariWaFoleni

Nimerudi wakuu, kama nilivyoahidi.

Nimepitia faili za wanawake wa kliniki yangu wa miaka 30 hadi 65. Zilikuwa 212. Wenye kumbukumbu yoyote ya kupimwa mlango wa kizazi ni 37. Kati ya hao 37, wawili walikuwa na majibu mabaya yaliyopachikwa ndani, moja la miezi saba, jingine la mwaka na nusu. La mwaka na nusu lina saini yangu pembeni. Niliona, nikasaini, nikageuza ukurasa niandike presha.

Wa miezi saba amepatikana kwa simu, anakuja Jumatatu. Wa mwaka na nusu namba yake haipatikani, ila hudhurio lake la dawa ni tarehe 14. Nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi, na nimemwambia dada wa dirisha la dawa asimpe kabla sijamwona.

Bi_Rejista, naomba unitumie picha ya ile karatasi ya nyuma ya kadi.

Bi_Rejista

Nakutumia sasa hivi. Na tarehe 14 usingoje aje. Kwenye kadi kuna jina la ndugu wa karibu, anza na huyo.